Aliyegonga Ngazi

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Mikumi mahindi yamekauka kabla ya kubeba, na mama yako mdogo bado anakohoa.

Unauliza kama niliwahi kupita korongo kama hilo la mawe ya chokaa ulikopiga picha kwenye ngazi za chuma. Kwetu Vidunda ngazi zilikuwa za miti iliyofungwa kwa kamba za porini, kando ya maporomoko. Kelele za maji zilimeza sauti, kwa hiyo aliyefika chini aligonga ngazi kwa jiwe, maana yake "nimefika." Aliye juu alisikia mtikisiko mkononi, ndipo akashuka.

Mwaka ule wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa tulishuka sote, bibi yangu akabaki wa mwisho. Mama akagonga. Ngazi ikatulia. Akagonga tena.

"Labda bado anafunga mzigo," alisema.

"Lori linasubiri," baba akamjibu.

Ndipo ngazi ikatetemeka mkononi mwa mama. Bibi alikuwa amegonga kutoka juu: "nimefika." Mama akaliweka jiwe chini taratibu, tukaondoka.

Mimi nimezeekea huku Mikumi, mjukuu wangu, na bado sijagonga.

Babu yako