Jumamosi Tisa Nilizoziandika Mwenyewe

Jumatano jioni, Nyanchwa.

Mvua imenyesha tangu saa nane, ile yetu ya kila siku, na viatu vyangu viko hapo mlangoni vimejaa matope ya Marani. Nimekunywa chai ya rangi vikombe viwili na bado sijisikii sawa. Si ugonjwa. Ni kinyaa.

Wacha niandike tu, maana nikinyamaza nitapasuka.

Mnaosoma hii blogu mnajua vile nimekuwa nikiringa na kazi ya mlimani. Nimeringa mpaka nimeboesha watu. Kwa wageni: serikali na kampuni moja ya kibinafsi wameungana kufanya utafiti wa redio za mashua. Serikali imeleta masafa ya redio na muhuri. Kampuni imeleta mitambo na mainjinia. Na wazo lenyewe, Mungu anisamehe, bado nalipenda. Mvuvi akipatwa na shida katikati ya ziwa, mahali simu haishiki, anabonyeza redio ndogo ya mkononi. Sauti yake inapanda mpaka kwetu mlimani, mtambo unaidaka, unairusha tena kwa nguvu hadi kituo cha waokoaji huko ufuoni.

Sisi Wakisii hatuna ziwa, lakini tuko na milima inayoliona. Kutoka ukingo wa juu kule Marani, siku isiyo na ukungu, unaona maji kama mabati mapya yameangushwa huko mbali.

Mimi sina digrii. Niliishia kidato cha nne. Redio nilijifunza kwa kufungua za watu na kuzifunga kabla wenyewe hawajarudi, na kwa video za mtandaoni mpaka bando inaisha. Kwa hivyo walipotafuta mtu wa kukaa na mtambo na kuandika matokeo, wakanichukua mimi, nilihisi nimepaa. Siku ya kwanza nilipomsikia Akoth, dada anayefanya majaribio upande wa ziwa, sauti yake ikitoka kwa mashua huko majini, mimi nimesimama katikati ya migomba... jamani, niliruka kama ndama. Akasema, "Mlimani, mlimani, mnanipata?" Nikasahau kila kitu nilichofunzwa nikapiga kelele, "Niko! Niko hapa!" Akacheka. "We kijana, si harusi. Sema tu tano."

Tano ni sauti safi, kama mtu amekaa kando yako. Sifuri ni kimya. Mara nne kwa siku Akoth anaita, mimi naandika namba kwenye fomu. Siku saba kwa wiki.

Hapo kwa saba ndio kuna uchafu.

Mtambo uko kwa shamba la Omong'ina Kerubo, mama mzee wa Sabato kabisa, yule wa kitambaa cheupe na Biblia kwa mkoba. Aliposema sawa, wekeni, alitoa sharti moja mbele ya watu wote: Ijumaa jua likizama, kila kitu kwa shamba lake kinapumzika mpaka Jumamosi jua lizame. "Ng'ombe wangu wanapumzika, jembe langu linapumzika. Na hii busta yenu, huu mtambo, iko kwa shamba langu. Itapumzika." Injinia Ricky wa kampuni akatingisha kichwa ndio, ndio, mama, bila shaka. Na Omong'ina si mtu wa maneno mengi. Kila Ijumaa jioni anatembea mwenyewe mpaka kwa lile sanduku la betri, anazima swichi, anafunga.

Hakuficha. Hakudanganya mtu. Sisi ndio hatukuandika mahali popote.

Wiki ya kwanza niliacha Jumamosi wazi. Injinia akaangalia fomu akakunja uso. "Kijana wangu, fomu haipendi shimo. Chukua Ijumaa, chukua Jumapili, weka kitu cha katikati. Watafiti wote hufanya hivyo." Akoth pia aliambiwa hivyo hivyo upande wake, asiende majini Jumamosi, karatasi zitajazwa ofisini; kwamba mtambo unazimwa hakuambiwa.

Nikajaza.

Sasa sikizeni ubaya wangu, maana huu ni wangu, si wa Injinia. Sikujaza kwa huzuni. Nilijaza kwa ufundi. Nilikuwa nakaa Jumapili asubuhi na kalamu, naweka tano, tano, halafu nne moja hapo mchana ndio ikae kama kuna upepo. Nilijisikia mjanja sana. Jumamosi tisa nimeziandika hivyo, na hakuna hata moja niliyoisikia.

Na wakati huo huo, kule chini, wavuvi walikuwa wanapewa redio za majaribio na kuambiwa: bonyeza, utasikika, siku yoyote.

Jumamosi iliyopita shemeji yake Akoth, anaitwa Ouma, alitoka na wenzake wawili. Injini ikazima. Ufuo bado ulikuwa unaonekana. Wangepiga makasia wangefika, Akoth ameniambia, wangefika wakiwa na hasira tu. Lakini Ouma alikuwa na redio. Akasema tulieni, tunaita. Akabonyeza. Akaita, akangoja, akaita. Upepo ukaanza kuwasukuma huko katikati na yeye bado anabonyeza, kwa sababu aliambiwa kuna mtu mlimani.

Mtu mlimani alikuwa kanisani Nyanchwa, amechomekea shati.

Walipatikana Jumapili asubuhi na mashua nyingine, wameshikilia ubavu wa mashua yao iliyojaa maji. Wote watatu wako hai. Mmoja wao hajaongea vizuri mpaka leo, ukimuita anashtuka.

Akoth alinipigia simu hiyo Jumapili. "Ndugu yangu, mlikuwa wapi?" Na mimi, hata sikufikiria, mdomo ulijisemea wenyewe. Nikamwambia labda ni ukungu. Labda antena ilisumbuliwa na mvua. Akasema "haya" kwa sauti ndogo sana, akakata.

Haya.

Hilo neno limelala na mimi siku tatu.

Leo asubuhi tukaitwa hoteli moja hapa mjini kuweka sahihi kwa ripoti ya mwisho. Viti vya kitambaa, maji ya chupa, samosa. Injinia Ricky alikuwa na barua yangu kwa bahasha: wananipeleka mafunzo, halafu naajiriwa kabisa, mimi wa kidato cha nne. Nilikuwa nimewaza hiyo barua mpaka nikaona jina langu kwa mlango wa ofisi. Kabla ya barua kuna fomu. Fomu ya Jumamosi iliyopita ilikuwa imeshajazwa. Tano, tano, nne, tano. Hata ile nne ya mchana waliweka. Wameiga mtindo wangu!

Chini yake kuna mstari mmoja umechapishwa. Nilisoma mara tatu. Unasema tukio la Jumamosi lilichunguzwa, mtambo ulikuwa ukifanya kazi vizuri, na mtumiaji alishika kifaa vibaya.

Mtumiaji ni Ouma. Wameshamnyang'anya redio. Huko kwao sasa ni yule mjinga aliyeshindwa kubonyeza.

Nikauliza, "Injinia, si tunajua ilikuwa imezimwa?"

Akacheka kidogo, akaangalia mlango. "Wewe ni mtu wa sayansi ama mzee wa kanisa? Siku moja kwa saba haibadilishi chochote. Hiyo mambo serikali imekubali."

Nikamgeukia afisa wa serikali, mzee mpole wa huku kwetu, alikuwa na samosa mkononi. Akasema, "Kijana, sisi tunapiga muhuri tu. Mitambo ni kampuni ndio inajua."

Basi ndio ushirikiano huo. Huyu anajificha nyuma ya yule, yule anajificha nyuma ya huyu, na ukiangalia katikati, hakuna mtu. Kuna fomu tu, inangoja sahihi yangu mimi. Na nilikuwa karibu kucheka, maana kwa miezi yote hii nimeomba siku moja jina langu liwe la maana kwa karatasi.

Nikasema naenda nayo nikaisome vizuri. Injinia akasema mwisho ni kesho saa sita. Nikachukua boda mpaka Marani. Sijui nilikuwa naenda kutafuta nini. Nafikiri nilitaka kumlaumu Omong'ina. Ukweli ndio huo. Nilitaka niseme ni yeye na swichi yake.

Nilimkuta anachambua chinsaga kwa ungo. Akanikaribisha, "Kaa, mwanangu, umekonda." Nikamwambia yote. Mashua, Ouma, fomu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imesimama kwa hizo mboga.

Halafu akauliza, "Hii kitu ni ya kuokoa watu?"

Nikasema ndio.

"Wa kuzama?"

Ndio, mama.

"Yaya," akasema, akitingisha kichwa. Hapana. "Yaya. Mimi niliambiwa ni busta ya utafiti. Nikajua ni biashara ya kampuni. Mtu akizama siku ya Sabato, tunamtoa. Nani aliwaambia Wasabato hawamtoi? Mngeniuliza!"

Mngeniuliza.

Na mimi nilijua! Hiyo ndiyo inanitia kinyaa zaidi ya yote. Nimelelewa Gesima na mama wa Sabato. Ijumaa kabla jua halijazama kuni ziko ndani, maji yako ndani, viatu vimepigwa rangi. Lakini nakumbuka Sabato moja nikiwa mdogo, jirani yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa, na wanaume wakatoka kanisani mahubiri yakiendelea, na tai zao, wakambeba kwa machela kupitia majani chai mpaka barabarani. Hakuna aliyesema leo ni Sabato. Pasta mwenyewe alishika upande mmoja. Nilijua sheria ya Omong'ina kuliko Injinia yeyote, na sikumuuliza, kwa sababu Injinia alituambia tusimwelezee sana, akijua ni kitu kikubwa ataanza masharti. Pia kwa sababu kujaza namba ilikuwa rahisi kuliko kupanda kwa nyumba ya mama mzee na kuongea naye kama mtu.

Swali moja. Lingechukua dakika moja, na kikombe cha uji juu yake.

Akasema Ijumaa hii hatazima. Akaongeza, na hapo akaniangalia vile mama huangalia mtu amekanyaga sakafu safi: "Lakini hizo Jumamosi zingine nilizima mimi, kwa mkono wangu. Msiandike kwamba shamba langu lilifanya kazi siku ya Mungu. Mmenifanya mwongo na sijafungua mdomo."

Nikampigia Injinia nikiwa nimesimama chini ya paa la Omong'ina, mvua imeanza. Nilidhani atashtuka. Alifurahi! "Si unaona? Shida imeisha! Ijumaa haizimwi, sasa ripoti ni ya kweli. Weka sahihi, bro, tuendelee mbele."

Nikauliza, na Ouma?

Akajibu, "Ouma nani?"

Nilikata simu. Nilitamani kuosha sikio.

Nimeshuka na mvua yote kwa mgongo. Nikiwa kwa boda nilijaribu kujidanganya, sitaficha. Nilijiambia kweli, shida imeisha, mtambo hautazimwa tena, hiyo barua ya mafunzo itanifanya injinia mzuri asiyefanya upuzi kama huu. Nilijiambia Ouma atasahau. Hapo ndipo nilijishtukia. Nilikuwa naongea na sauti ya Ricky.

Kwa hivyo nimekaa hapa mezani na nimechukua fomu safi. Nimeandika Jumamosi zote tisa, na ya kumi, ile ya Ouma. Kila kisanduku nimeandika: kituo kilizimwa, hakuna aliyesikiliza. Mara nne kwa kila siku, kwa herufi kubwa. Mkono umeuma. Chini nimeandika kwamba zile tisa za kwanza nilizitunga mimi, nikaweka sahihi. Sahihi yangu ni mbaya, sijawahi kuwa na sababu ya kuifanyia mazoezi.

Nimepiga picha. Nimemtumia Injinia, nimemtumia yule afisa wa muhuri. Lakini wa kwanza kabisa nimemtumia Akoth, na maneno haya: Ouma alibonyeza vizuri. Ni sisi tulizima. Si ukungu, nilikudanganya.

Injinia amepiga mara sita. Sijachukua. Bahasha nadhani imesharudi kwa droo.

Akoth alisoma mara moja. Nikaona anaandika, anaacha, anaandika. Halafu ikaja: "Mimi siwezi kuwaambia hii. Njoo useme mwenyewe. Ouma atakuwa ufuoni saa nne, na wale wengine wote."

Nimemjibu nakuja.

Kwa hivyo kesho nitashuka mpaka kwa maji. Nimemuuliza mwenye boda, amesema tukitoka saa kumi na mbili tutafika. Nimetoa shati, nimelirudisha, nimetoa lingine. Ni upuzi, hakuna shati la kuendea kitu kama hicho.

Watakuwa wamekaa hapo, watu wazima, na mmoja wao akiitwa anashtuka. Nitasimama mbele yao. Na sijui nikifungua mdomo, nianze na salamu, ama nianze na jina langu.