Hukumpiga Samweli

Baba Samweli,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha iliyotukutanisha, maana Kiteso chako sikuwahi kukijua vizuri, nawe Kisoga ulikuwa ukikivunja mpaka mama yangu anajishika mbavu.

Mtoto amepona. Yale madoa ya zambarau ya mashavuni na masikioni yamefutika, uvimbe wa mikono na miguu umeshuka. Umekufa hujaliona hilo.

Asubuhi ile, mafua yakiwa ndiyo kwanza yamemwisha, tulimkuta kama mtu aliyepigwa makofi usiku kucha. Muuguzi wa kliniki hapa Namatala akaitazama sare yako ya askari magereza, akauliza, "Afande, nani amempiga huyu?" Kufikia jioni mtaa ulikuwa umeshakuhukumu. Mimi sikukuuliza. Mikono yako niliijua. Ndiyo iliyokuwa ikimwogesha.

Nikampeleka Jinja, kwa dada yangu anayekaa Mafubira, naye akatufikisha kwa daktari wa watoto, mama mmoja wa Kihindi. Alimvua nguo zote, akabonyeza kila doa, akapima damu na mkojo. Samweli anacheka tu, anamvuta miwani. "Huyu hajapigwa," akasema. "Mishipa midogo ya damu chini ya ngozi imevimba, inavuja. Ni ugonjwa wa nadra, huwapata wadogo kama huyu, mara nyingi baada ya mafua. Unatisha macho. Utaisha wenyewe."

Utaisha wenyewe! Nikakupigia simu pale pale mlangoni. Ikalia, ikalia. Ulikuwa umeazima pikipiki utufuate, na lori la miwa lilikuwa limeshakugonga kabla hujafika Iganga.

Sasa sikia wanavyosema huku. "Mnaona? Mpigaji ameondoka, mtoto amepona." Nawaeleza maneno ya daktari. Wananiitikia, pole mama, pole sana, kisha wanatazamana. Ngozi ya mtoto haina hata alama moja ya kuwaonyesha. Nimechoka, Baba Samweli. Laiti ungekuwepo, madoa yakafifia huku umempakata, wakaona kwa macho yao... Basi. Haikuwa.

Lala, mume wangu. Mtaa siuwezi, wala sikuahidi kuushinda. Ila siku Samweli atakapoanza kuuliza, atasikia kwangu kabla ya kusikia kwao: baba yako hakukupiga hata siku moja. Alikufa akiwa njiani kuja kwako.

Mkeo,
Mama Samweli