Sabini Elfu Zako Zimetimia

Mama yangu uliyenitangulia,

Shikamoo, mama. Nakuandikia kwa herufi za chuo cha Kurani, zile ulizokuwa ukinisikia nikizisoma huku unafua nazi za bwana wako aliyekumiliki. Sikuendelea na elimu, lakini hizi zanitosha kukwambia lililopita hapa Chole baada ya kukuzika.

Unakumbuka ulivyokuwa ukihesabu? Kumi na tisa unatupa rundoni, ya ishirini unaiweka kando iwe alama, na alama nayo imo katika korja. Mimi nikiliona rundo la zisizofuliwa nalia. "Unalilia nini?" ukanicheka. "Shika korja moja. Rundo halifuliwi kwa macho."

Basi sikuogopa kutamka mbele ya watu kwamba utasomewa tahalili sabini elfu, zile za kumpwekesha Mungu wanazosoma watu kumwombea maiti akombolewe kutoka Motoni. Waliguna. Hizo husomewa wenye majumba, na wewe ulikufa ukiitwa mjakazi. Nikasema mama yangu ni mja wa Mungu, na zitasomwa.

Tuliketi wanawake saba, wafuaji wenzio na mimi. Sabini elfu kwa saba haibakishi kitu: kila mmoja elfu kumi, yaani tasbihi mizunguko mia, na mzunguko tukauhesabu mia. Tulipomaliza tukapakua wali. Mpwa wa bwana wako akaja, akala, kisha akaishika tasbihi yangu.

"Hii punje ndefu ya kichwani mmeisomea?"

"Hatukuisomea, bwana. Si ndiyo alama?"

"Basi mzunguko wenu ni tisini na tisa. Mmepungukiwa mia saba." Akajifuta mikono. "Lakini acheni. Kwa mjakazi zatosha."

Kosa lilikuwa letu, mama. Tulihesabu tasbihi kama nazi. Hesabu yake ilikuwa sawa. Hilo la "zatosha" ndilo lililonichoma.

"Na sahani yako ya tatu, bwana, kuna aliyekwambia yatosha?" akamwuliza shoga yako Mwanaisha.

Mimi nilikuwa nachora mchangani kwa kidole. Mia saba kwa watu saba ni mia mia. Na mia, kwa tasbihi ya tisini na tisa, ni mzunguko mmoja na punje moja. Namba kubwa vile, na ilichotudai ni hicho tu.

"Tukae," nikasema.

Tukakaa, naye akitutazama. Tukazunguka mara moja, kisha zile saba zilizobaki tukazisema mmoja mmoja. Ya mwisho ilikuwa yangu. Niliisema kwa sauti, nikimkabili uso kwa uso: hapana Mola ila Mwenyezi Mungu. Mdomo wake ukaitikia wenyewe, kama ulivyozoea tangu utotoni.

Yake hatukuihesabu, mama. Zako zilikuwa zimeshatimia.

Nakukosa kila nishikapo nazi, lakini kichwa sikiinamishi. Lala kwa amani ya Mola wako, asiye na mshirika katika kukumiliki.

Ni mimi, mwanao wa pekee.