Maji Matamu ya Mlimani

Dada Kadzo,

Pokea salamu kutoka lango la mlima, penye baridi inayonitetemesha hata mimi niliyefika Dubai. Kuna bomba hapa ambapo wapanda mlima wote hujaza chupa. Binamu yetu Katana alionja akapiga kelele, "Charo, haya hayana chumvi hata chembe! Kuchemsha kwa nini?" Sisi wa visima vya chumvi vya Chaani tukionja maji matamu, basi kwetu ni safi. Nikamwambia, "Kunywa na yangu, bwana, mimi mtu wa soda."

Sasa amelazwa zahanati, anatapika na kuharisha, pamoja na wageni wengine waliokunywa pale. Daktari asema maji yaliingiwa na uchafu wa vyoo. Mlima twauona dirishani tu. Namtania kwamba amesafiri kote huku kuja kulala, naye hacheki. Katana huyu unayemjua, anayecheka hata matangani! Hapo ndipo ninapoogopa, dada.

Nimemfunika lile koti langu la ngozi, ambalo hata wewe sijawahi kukuazima. Nisalimie mama, ila hili mfiche mpaka Mungu amwinue Katana.

Nduguyo akupendaye,
Charo