Bongo Mbili za Kompyuta ya Maziwa

Kitale,
Jumapili

Kwako dada yangu Edah,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Shemeji na watoto je? Na mguu wa Mama umepoa? Mimi ni mzima, tena nina furaha mpaka kukaa kwenye kiti nashindwa.

Unajua hapa kiwandani tuna kompyuta moja kubwa, na ndani yake tumegawanya kompyuta pepe nne, kila moja inajiona iko peke yake. Moja hupokea maziwa ya wakulima, nyingine huongoza matangi ya kupoza. Jumatano asubuhi ile ya mapokezi ikakwama, kimya! Wakulima wamejaa getini na mikebe, jua linapanda, na maziwa hayangoji mtu.

Meneja wetu, Bwana Gathii, akaamuru tuzime kompyuta nzima. Nikamwambia hapana, tukizima, matangi nayo yatasimama na maziwa ya jana yataharibika. Nikamwomba aniache niiandikie amri ile programu inayosimamia zote nne, irudishe mwanzo ubongo wa ile moja tu, yaani ile sehemu yake inayofikiri. Nikaandika, nikatuma. Wapi! Mzee Kiplagat akapaza sauti kutoka getini, ati mkebe wake ukiharibika atamwaga pale pale ofisini. Kuangalia tena, kumbe ile kompyuta pepe ya mapokezi ina bongo mbili, nami nimerudisha mmoja tu! Wa pili bado umeng'ang'ania pale ulipokwamia. Nikasimamisha bongo zote mbili, nikazirudisha mwanzo pamoja, nikaziachilia. Ikaamka! Edah, watu walipiga vigelegele kama harusini. Mkebe wa Mzee Kiplagat ukapimwa, ukapita, naye akanikumbatia na koti lake la mvua.

Sasa nikwambie siri, na Mama asisikie. Kabla hajaniruhusu, Bwana Gathii aliniuliza kama nimewahi kufanya kitu hicho. Nikamjibu mara nyingi sana. Si uongo, dada, kwenye laptopu yangu nimejaribu mara nyingi sana. Ila haikuwahi kukubali hata siku moja.

Amenisifu mpaka Bungoma. Wiki ijayo natumwa Mabanga kuwafundisha wenzetu wa kiwanda cha huko, kwa sababu ya uzoefu wangu mkubwa. Nitapitia kwako Kimilili nilale. Niwekee meza karibu na stima nifanye mazoezi, na usicheke!

Wasalimie wote, Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Phelista