Jiwe Ulilolikataa kwa Simu

Kaka,

Salamu sina nyingi, ila vumbi la mawe ninalo tele, hadi kwenye kope. Mama mzima. Msumeno mkubwa wa karakana umeharibika tena, na bosi anamlaumu kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe.

Sasa nikwambie kuhusu jiwe la kaburi la Baba. Unajua alilichagua mwenyewe? Siku tulipolipasua tulikuta ndani vijia vimepindapinda, vya minyoo waliochimba mchangani kabla mchanga haujawa jiwe. Mamilioni ya miaka, kaka! Nilimsomea Baba habari za minyoo hao kwenye simu yangu, akacheka: "Mdudu hana hata mfupa, lakini alipopita panajulikana. Nikifa niwekee hili."

Nikaliweka. Shangazi alipoliona akasema, "Heee! Minyoo wamemtangulia marehemu!" Tukacheka huku tunalia.

Halafu wewe, ambaye hata kuzika hukuja, ukatumiwa picha. Ukampigia Baba Mdogo: "Baba yangu halali chini ya jiwe lililoliwa na minyoo. Lisagwe uso liwe laini, au liondolewe." Na kwa kuwa wewe ndiye mkubwa, hakuna aliyeniuliza mimi kitu.

Nimelisaga leo kwa mikono yangu, maana sikutaka fundi mwingine aliguse. Vijia vyote vimekuwa unga. Jiwe sasa ni laini kama shavu la mtoto, kama ulivyotaka. Njoo ulione. Ukifika uliza watu kaburi liko wapi, maana hupajui.

Mdogo wako wa mwisho,
fundi mawe