Kakakuona na Debe la Mwisho

Jumatatu, 10 Novemba

Sala ya asubuhi, kisha uji, kisha shambani kutazama kile ambacho hakipo. Maharage yaliyoota kwa mvua ya Oktoba yameungua yote. Mbingu ya Kibondo ni safi kama sahani iliyosuguliwa. Kumbikumbi hawajatoka vichuguuni. Limebaki debe moja la mbegu chini ya kitanda. Mke wangu Yuditha ameuliza tena: tupande, tungoje, au tule? Mimi niliye mwinjilisti tangu ujana wangu sina jibu la debe moja la maharage.

Jumanne, 11 Novemba

Jua. Nimeombea mvua. Nimeomba bila kutazama juu.

Jumatano, 12 Novemba

Alfajiri jirani yangu Zakaria amemkuta kakakuona katika muhogo wake. Wazazi wa Zakaria walikuja kutoka Burundi. Yeye ni raia, mkulima hodari, na mbegu yake ya kwanza iliungua kama yangu. Kabla jua halijawa kali, watu walikuwa wamejaa uwanja wa kanisa, alikoletwa. Kama ilivyo desturi, walimwekea mnyama bakuli la maji, unga na panga. Akiendea maji, mvua ipo. Unga, shibe. Panga, damu. Hakuna aliyetaka kupanda tena kabla mnyama hajasema.

Wakaniita niombe. Nikasema huo ni uaguzi. Zakaria akacheka: "Ndiyo maana tumekuita, Mzee. Ukiomba wewe, si uaguzi tena."

Sikuondoka. Niandike ukweli: nilitaka kujua. Nilisimama na kofia mkononi, nikimkodolea macho mnyama kwa tamaa ileile waliyokuwa nayo wenzangu. Naye akajikunja, magamba nje, uso ndani. Mama Neema wa kwaya akasema, "Amejifungia kama diwani akishapata kura." Tukacheka. Jua likapanda. Hakujikunjua.

Hatimaye nikasema arudishwe porini. Sauti ikajibu kutoka nyuma: "Mzee amezoea kushiba Neno. Sisi tunakula ugali!"

Wamemfungia katika stoo ya kanisa, na maji yake, unga wake na panga lake, mpaka atakapochagua. Nina hasira nao. Nina aibu kwa nafsi yangu.

Alhamisi, 13 Novemba

Baada ya sala nimekwenda stoo. Nikaketi kimya juu ya benchi bovu. Baada ya muda mrefu akajikunjua.

Kiumbe huyu sikuwahi kumtazama akitembea. Nilimjua kwa maneno ya watu. Hutembea kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani, kama mzee wa kanisa anayepeleka sadaka mbele na kuogopa kuidondosha. Macho yake ni madogo mno, karibu hayamfai kitu. Aliyapita maji. Aliupita unga. Panga alilikanyaga. Aliufuata ukuta kwa pua, akitafuta sisimizi, akitafuta mlango.

Tumemwita kakakuona, tukataka atuonee kesho. Yeye haoni hata bakuli. Hunusa hatua iliyo mbele yake, akaiendea. Mtume alitufundisha kwamba mwendo wetu ni wa imani, wala si wa kuona. Nimelihubiri hilo Kasulu, Buhigwe, hata kwa wakimbizi kambini Nduta. Leo nimeliona likitembea kwa miguu miwili.

Miguu hiyo inatetemeka; hajala tangu jana. Nimempigia simu afisa wanyamapori. Amesema kumshikilia mnyama huyu ni kosa kisheria. Gari halina mafuta, atafika kesho. Na kwa hali niliyomweleza, kesho ni mbali.

Nikaenda kwa Zakaria. Nikamwambia: mnataka ishara ndipo mpande. Basi mwachilieni huyu, nami kesho nitapanda debe langu vumbini, bila ishara.

"Na ikikauka?"

"Tutakuwa na njaa pamoja."

Akasema, "Ego," yaani ndiyo kwa lugha ya wazazi wake, akachukua gunia na ufunguo. Tumemwacha mnyama ukingoni mwa msitu, penye vichuguu. Alikaa amejikunja. Halafu akaenda. Hakugeuka nyuma.

Yuditha alikuwa amekwisha kusikia. "Umeahidi mbegu yangu bila kuniuliza." Ni kweli. Nimemwomba radhi. Alimaliza kuosha sufuria ndipo akasema, "Basi noa jembe. Lako halikati hata uji."

Ijumaa, 14 Novemba

Tumepanda. Yuditha mbele na jembe, mimi nyuma nikidondosha mbegu. Vumbi mpaka kwenye meno. Wapita njia walituamkia kwa heshima zote: "Shikamoo, Mzee Vumbi! Poleni na mvua!" Niliitikia marahaba. Niliogopa kwa kila shimo nililofukia. Debe likaisha. Hofu haikuisha.

Zakaria alisimama mpakani akitutazama, akaondoka. Nikadhani ametuhurumia. Alirudi na mbegu yake. Akaanza mstari upande wake.

Jumamosi, 15 Novemba

Mgongo. Hakuna mvua. Yuditha hajauliza kitu.

Jumapili, 16 Novemba

Ibada. Mama Neema amenong'ona mlangoni kwamba naye amepanda, ila nisimwambie mtu.

Mvua bado. Wingu moja limekaa upande wa Gwarama, dogo, halijaamua.

Mchana nimezunguka shamba peke yangu. Katika kona ya chini, karibu na mpaka wa Zakaria, kichuguu kimefukuliwa upya. Shimo nadhifu. Nyayo zinarudi msituni, za miguu miwili tu. Amekula cha siku moja, akaenda zake.

Niliinama nikagusa udongo alioutoa ndani. Ulikuwa mweusi. Ulikuwa na unyevu.

Nimerudi nyumbani kula cha leo.